Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Kabla Hujaikata Ekzosi ya Bodaboda Yako

Swali ni moja, wanaouliza ni wengi. Anauliza kijana wa steji ya Mtongwe hapa Mombasa, anauliza wa Magongo, anauliza yule anayesambaza mikate alfajiri kutoka Kisauni hadi Bamburi: "Nikiikata hii ekzosi, pikipiki itavuta zaidi?" Wengine hawaulizi tena. Wamekwisha kukata, na sasa wanataka kujua kwa nini mafuta yanaisha upesi, injini inachemka, na askari wa trafiki anawasikia kabla hajawaona.

Jibu langu fupi ni hili: kwa pikipiki ya kazi ya cc 100 hadi 150, kukata ekzosi huongeza kelele, si nguvu. Lakini sitakuacha hapo, maana neno "usifanye" halijapata kumzuia mtu ambaye msumeno uko mkononi. Nitakueleza cha kufanya kwanza, ni lini ekzosi inahitaji mkono wako kweli, na kama umeshikilia kubadilisha, njia ipi uifuate usije ukaiua injini inayokulisha.

Jiulize kwanza: unatafuta nini?

Watu wanne wanaweza kuuliza swali moja, kila mmoja na haja yake. Jitafute hapa:

- Unataka pikipiki ipande mlima na mzigo. Dawa yako iko kwenye sproketi, klachi, tapeti na filta ya hewa. Ekzosi iache.
- Unataka kasi. Katika mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na pikipiki yako hata ikiwa na ekzosi ya kiwandani inapita hapo. Kasi ya ziada utaitumia wapi?
- Unataka kupunguza mafuta. Kukata ekzosi kutakupeleka kinyume. Anza na matairi, mnyororo, plagi na filta.
- Unataka mlio. Sema hivyo wazi, usijidanganye kwa neno "nguvu". Mlio una gharama zake, na tutazihesabu.

"Lakini mimi nimekata na naisikia nyepesi"

Unaisikia nyepesi kwa sababu sikio limedanganya mwili. Kelele ikizidi, mkono nao unapiga resi zaidi bila wewe kujua, na kila kitu kinaonekana kwenda mbio.

Tupige hesabu. Boxer BM150 ina injini ya karibu cc 145, na nguvu yake ni karibu farasi 12, tena hiyo ni injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Tuseme, kwa ukarimu mkubwa, kwamba ekzosi iliyotengenezwa kitaalamu imekuongezea asilimia 5. Umepata zaidi kidogo ya nusu ya farasi, na umeipata huko juu kwenye resi ya mwisho. Wewe kutwa unafanya kazi chini: kuondoka na abiria, kupita kwenye mashimo, kusimama, kuondoka tena. Nusu farasi hiyo hutakutana nayo.

Na hiyo ni ekzosi ya kitaalamu. Iliyokatwa kwa msumeno kando ya barabara haifiki hapo. Bomba la kiwandani limepimwa urefu na upana ili moshi wa mlipuko mmoja uusaidie wa pili kutoka. Ukilifupisha au ukalipanua ovyo, mara nyingi unapoteza mvuto wa resi ya chini, yaani ule ule unaoutegemea ukiwa na abiria na gunia la viazi.

Jaribio la bure kabla ya kugusa chochote

Usimwamini fundi, usiniamini mimi. Pima mwenyewe, leo na baada ya kila badiliko.

1. Jaza matairi hewa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko chake.
2. Chagua kipande kimoja cha barabara. Wa Changamwe ana mpando kutoka Kibarani, wa Likoni ana mpando wa kutoka feri. Wa Kisauni, ambako ardhi ni tambarare, achague barabara iliyonyooka na abebe mzigo ule ule kila mara.
3. Nenda saa ambayo barabara haina watu. Ingia chini ya mpando kwa gia ya tatu na kilomita 30 kwa saa, na angalia umefika juu na ngapi. Rudia mara tatu.
4. Mafuta nayo: jaza tangi hadi alama fulani, fanya kazi ya kawaida kilomita 100, kisha rudi pampu ile ile ujaze hadi alama ile ile. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia.
5. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Kisichoandikwa hugeuka hadithi.

Ukishakuwa na nambari hizi mbili, hakuna atakayekuuzia mlio kwa jina la nguvu.

Saa mbili za spana zinazoushinda msumeno

Pikipiki nyingi zinazosemekana kuwa "zimechoka" hazikosi ekzosi nzuri, zinakosa matunzo. Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaandaa inayofuata:

1. Filta ya hewa. Vumbi la njia za ndani za Shika Adabu au Mwembe Legeza linaziba filta mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ya sponji ioshe, ikauke, uipake oili kidogo. Ya karatasi ikungute, na ikishakuwa nyeusi inunue mpya. Usiitoe kabisa "ipate kupumua": vumbi litasaga pistoni na silinda.
2. Plagi. Ifungue baada ya mwendo wa kawaida na uisome. Rangi ya biskuti ni afya. Nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Nyeupe kama chaki ni mafuta machache na moto mwingi. Kumbuka rangi hii, tutairudia.
3. Tapeti. Ziseti injini ikiwa baridi kabisa, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako na kwa bapa za kupimia. Zikikaza mno, vali haifungi sawasawa na nguvu inavuja.
4. Klachi. Ukipiga resi na injini ikapaa lakini pikipiki haiongezi mwendo, klachi inateleza. Rekebisha waya kwanza. Ukishindwa, badilisha sahani zake.
5. Breki. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likikwama, breki inakula nguvu na mafuta kutwa nzima.
6. Mnyororo. Safisha, paka oili, kaza kwa kipimo. Ulio mkavu na wenye kutu unaiba nguvu, na ukikatika ukiwa mwendoni unaweza kukuangusha.
7. Oili ya injini. Ya zamani na iliyopungua huzidisha joto na msuguano.

Rudia jaribio la mpando. Wengi huishia hapa, wameridhika.

Bado unataka mvuto wa mlimani? Badilisha sproketi ya mbele. Ukitoka meno 14 kwenda 13, mvuto kwenye gurudumu unaongezeka kwa karibu asilimia 8 katika kila gia. Utapoteza kasi kidogo ya mwisho na injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Kwa anayebeba mizigo Changamwe na Mikindani hayo ni mabadilishano mazuri. Kwa anayekimbiza abiria masafa marefu, hayafai.

Ekzosi inayovuja ndiyo inayohitaji mkono wako

Kuna kazi moja ya ekzosi inayolipa kweli: kuziba uvujaji. Ekzosi inayovuja hupiga kelele, hupasuapasua milio ukiachia eksileta, na hukufanya useti kabureta vibaya kwa kudhani kosa ni la mafuta.

Dalili zake:

- Masizi meusi pale bomba linapoingia kwenye hedi ya injini au kwenye maungio.
- Mlio wa "tiki-tiki" wakati wa kuwasha asubuhi, unaopungua injini ikipata moto.
- Ukiwasha injini ikiwa baridi, kisha ukaziba tundu la nyuma kidogo kwa kitambaa kinene, unasikia mlio wa kuvuja mahali pengine. Fanya kwa sekunde chache tu, uwe nje penye hewa, na uvae glavu.

Ukikuta uvujaji kwenye hedi, gaskiti imekwisha. Kuibadilisha:

1. Subiri ekzosi ipoe kabisa. Usiifanye kazi hii pikipiki ikiwa imetoka barabarani.
2. Mwagia nati oili ya kulegeza kutu, uiache usiku kucha. Hapa Pwani stadi hula kutu na kukatika, na stadi iliyokatika ndani ya hedi ya alumini ni gharama kubwa kuliko ekzosi nzima.
3. Fungua nati zote mbili taratibu kwa zamu, kisha bolti za nyuma.
4. Toa gaskiti ya zamani yote. Wako wanaoweka mpya juu ya mabaki ya zamani na kushangaa inavuja tena.
5. Safisha kikalio kwa brashi ya waya. Weka gaskiti mpya ya kipimo chake.
6. Shika nati za mbele kwa vidole, shika bolti za nyuma kwa vidole, ndipo uanze kukaza. Mbele kwanza, kidogo huku na kidogo kule, mwisho nyuma. Ukikaza nyuma kwanza, bomba linakaa kwa kujikunja na litapasuka kwenye weldi.
7. Usikaze kwa hasira. Stadi za milimita 6 zinatosheka na nguvu ya spana fupi.
8. Nyuzi ziwe zimepakwa grisi ya shaba kabla ya kufunga nati, ili siku nyingine zifunguke.
9. Kaza tena kidogo baada ya siku moja ya kazi, injini ikiwa imepoa.

Chumvi inakula nje, maji yanakula ndani

Mafundi wa bara wanaokuja huku hushangaa jinsi ekzosi zinavyooza. Upepo wa bahari hauchagui: uko Shelly Beach, uko Bamburi, uko Port Reitz. Lakini adui wa pili wengi hawamjui. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Ukienda safari fupi fupi, silensa haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji ndani, na kutu inaanza huko usikokuona.

- Osha pikipiki kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa ukipita ufukweni. Usimwagie maji ekzosi yenye moto.
- Tazama chini ya silensa. Nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea maji. Si kosa la kiwanda, usikizibe kwa weldi. Kizibue kwa waya mwembamba.
- Baada ya safari fupi za siku nzima, ipe pikipiki mwendo wa dakika 15 au 20 mfululizo ili ndani pakauke.
- Kutu ya juu ikwangue kwa brashi na msasa hadi chuma king'ae, futa vumbi, kisha upake rangi inayostahimili joto. Rangi ya kawaida ya nyumba itaungua siku ya kwanza na kukuletea harufu.
- Penye tundu dogo, kata bati lililooza hadi ufikie chuma kizima, ndipo uchomelee kiraka. Kiraka juu ya kutu hakishiki.

Umeshikilia kubadilisha? Basi fuata hivi

Labda ekzosi yako imeoza haina dawa, au umekwisha kuamua na mimi nakuchosha. Sawa. Fuata mpangilio huu.

1. Ihifadhi ya kiwandani. Usikate ile uliyo nayo. Tafuta nyingine, ya zamani, ufanyie majaribio hiyo. Ukijuta, unarudisha ya kwanza.
2. Lete ya pikipiki yako. Ya mbadala yenye vipimo vya modeli yako ni bora kuliko ya "racing" isiyojulikana ilitengenezewa nini. Pima kipenyo cha bomba la mbele na ukilinganishe na la asili.
3. Bakiza vizuizi vya ndani. Kuitoa silensa utumbo, yaani kung'oa vyumba na vibomba vya ndani, ndiko kunakoleta kelele yote na hasara yote.
4. Usitumie bomba la maji. Mabomba ya mabati yamepakwa zinki. Ukiyachomelea yanatoa moshi mweupe wenye sumu, na fundi aliyeuvuta anaweza kulala na homa na kutetemeka usiku huo huo. Tumia bomba la chuma cheusi au la chuma kisichoshika kutu.
5. Chomelea nje ya pikipiki. Toa ekzosi, ichomelewe chini, mbali na tangi. Kama ni lazima kushikiza kidogo ikiwa mahali pake, fungua waya za betri, chomoa kisanduku cha CDI, zuia tangi lisipate cheche, na waya wa ardhi wa mashine uubane karibu kabisa na mahali pa kuchomelea. Umeme wa weldi ukipita kwenye injini unaunguza vifaa.
6. Elekeza tundu nyuma na mbali. Lisitazame mguu wa abiria, tairi, sahani ya namba wala juu angani ambako mvua itaingia.
7. Rudisha kinga ya joto. Lile bati lenye matundu juu ya ekzosi si pambo.
8. Funga kwenye vishikizo vyake vyote. Ekzosi inayoning'inia kwa waya itakata stadi za hedi.

Kisha kabureta, usiirukie

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiufungulia moshi, hewa inayopita inaongezeka lakini mafuta ni yale yale. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka, na plagi inakuwa nyeupe. Ukiendelea hivyo na mzigo kwenye jua la Mombasa, unaichoma pistoni polepole.

- Endesha kilomita kadhaa, zima, subiri ipoe, soma plagi.
- Ikiwa nyeupe, ongeza jeti kuu kwa namba moja tu, ujaribu tena. Usitoboe jeti kwa sindano au waya: tundu lake limepimwa, na ukilipanua huna tena namba ya kurudi.
- Skrubu ya mchanganyiko: kabla ya kuigusa, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, andika, kisha uirudishe palepale. Ndipo uongeze au upunguze robo kwa robo.
- Ukimaliza, rudia jaribio la mpando na la mafuta. Nambari zikiwa mbaya kuliko za mwanzo, rudisha ekzosi ya kwanza bila kuona haya.

Pikipiki ya injekta haina jeti ya kubadilisha. Hiyo usiikate kabisa kama huna fundi mwenye kompyuta yake.

Makosa ninayokutana nayo sana

- Kutoboa matundu silensa kwa msumari au drili "ipumue". Unapata uvujaji, si nguvu.
- Kuondoa ekzosi na filta ya hewa siku moja. Huwezi tena kujua kipi kimeleta shida.
- Kuziba uvujaji kwa gundi ya plastiki. Bomba la mbele hupita nyuzi 200 za joto, na gundi ile itayeyuka.
- Kufunga matambara au nguo kuukuu kwenye bomba kuzuia joto. Yakilowa oili au petroli yanawaka.
- Kujaribu injini ndani ya chumba au kibanda kilichofungwa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua.
- Kununua silensa yenye sufi ya kioo ndani na kutoitunza. Sufi ikiungua, kelele inazidi kila mwezi.

Ile milio ya bunduki

Nizungumze na vijana wanaozima swichi pikipiki ikiwa mwendoni na kuiwasha tena ili ilipuke. Kinacholipuka ni petroli isiyoungua iliyojaa ndani ya ekzosi. Kila mlipuko unapasua weldi na kufungua maungio ya silensa. Hiyo ni hasara yako. Hasara ya wenzio ni kubwa zaidi: mama mwenye mtoto mgongoni anaanguka, mgonjwa wa moyo anashtuka, na mtaa unakimbia ukidhani ni risasi. Siku polisi nao watakapodhani hivyo, hutapata nafasi ya kueleza kuwa ulikuwa ukicheza.

Mguu wa abiria

Abiria wa Pwani anapanda na leso, na buibui, na kanzu, na watoto wamevaa kaptura. Ekzosi iko kulia, na abiria asiyejua hushukia huko huko. Ukiondoa kinga ya joto, alama ya kuungua atakayobaki nayo ni yako.

- Mwambie abiria apande na kushukia upande wa kushoto.
- Hakikisha nguo ndefu zimekunjwa, zisifike kwenye gurudumu wala kwenye ekzosi.
- Akiungua, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta. Lengelenge usilipasue. Jeraha likiwa kubwa au la mtoto, apelekwe hospitali.

Sheria inasema nini

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, inataka chombo chenye injini kiwe na silensa inayofanya kazi. Juu ya hiyo kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, ambazo mamlaka ya mazingira, NEMA, inazisimamia. Kwa hiyo anayekukamata kwa kelele hakuonei. Soma pia karatasi ya bima yako: ukipata ajali na pikipiki imebadilishwa bila kuarifu, kampuni inaweza kulishika hilo.

Na sikio lako? Kiwango kinachopendekezwa kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kwa hesabu ya wataalamu wa afya ya kazi, kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua nusu. Zikifika 100, umebaki na dakika 15. Wewe unakaa juu ya ekzosi hiyo kutwa.

Maneno mnayonijibu

*"Mlio unaniokoa. Malori ya bandari yananisikia."* Sauti ya ekzosi inatoka nyuma. Dereva wa trela aliye mbele yako, vioo juu na injini yake ikinguruma, hakusikii mpaka uwe ubavuni. Taa ya mbele iliyowaka, jaketi la kuakisi na honi ndivyo vitakavyokuokoa, pamoja na kutokaa kwenye upande asikokuona.

*"Mbona zile pikipiki za zamani zikibadilishwa ekzosi zilikuwa zinaruka?"* Nyingi ya hizo zilikuwa za injini ya mipigo miwili, zinazochoma oili pamoja na petroli. Huko umbo la ekzosi ni nusu ya injini. Ndiyo siri aliyoifanyia kazi Walter Kaaden katika kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950, na Suzuki wakaipata mwaka 1961 mwendeshaji wa MZ, Ernst Degner, alipotorokea upande wa Magharibi. Tazama, hata huko ushindi ulitokana na kupima umbo kwa makini, si kukata. Boxer na TVS za steji ni za mipigo minne. Dawa ya mgonjwa mwingine usiinywe.

*"Fulani kakata mwaka mzima na hajaharibikiwa."* Muulize anatembea kilomita ngapi kwa lita, na amebadilisha plagi mara ngapi. Kama hajui, basi hajui pia kama ameharibikiwa.

*"Fundi ameniambia itaongezeka."* Mwambie akubali malipo baada ya jaribio la mpando, lililofanywa kabla na baada ya kazi yake. Atakayekubali, mpe kazi.

Ukumbuke mpangilio huu

Pima. Tunza. Ziba uvujaji. Badilisha sproketi kama mzigo unadai. Ekzosi iwe ya mwisho, na iwe nzima, si iliyokatwa.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na silensa iliyotolewa utumbo ni debe tupu. Mkutane steji, mnunue kwa pamoja seti moja ya bapa za kupimia tapeti, spana nzuri na pampu yenye geji, vikae kwa mwenyekiti, kila mtu avitumie mwisho wa wiki. Na wewe uliyekwisha kukata, itafute ekzosi nzima Jumamosi hii, uifunge, upande mpando wako wa kawaida na daftari mfukoni.